Weka Ngitili ya Roho: Kudumu na Mungu Masika na Kiangazi



Leo tunaongelea jambo ambalo karibu kila mmoja wetu limemkuta, ila wengi tunaona aibu kulisema. Kuna wakati unasali na moyo unawaka kabisa, machozi yanakutoka, Misa ya saa mbili unaiona kama dakika kumi. Halafu kuna wakati unasali na hakuna kitu. Pakavu. Unasema Baba Yetu huku akili iko kwenye simu, na ukimaliza unajiuliza hivi kuna mtu alikuwa ananisikiliza kweli?

Kabla hatujaendelea, kama unayo Biblia karibu, weka alama sehemu hizi utazisoma baadaye kwa utulivu: 1 Wafalme 18 na 19, Marko 9:2-29, Luka 8:4-15 na Zaburi ya 63.

UJUMBE WA SAA TANO USIKU

Somo hili limetokana na ujumbe niliotumiwa na dada mmoja wa huku huku kwetu Simiyu. Amenikubalia niutumie bila jina lake. Aliandika hivi:

"Shikamoo kaka. Pasaka nilikuwa nalia kwenye kuabudu Ekaristi, nilijua sasa nimempata Yesu. Sasa hivi nikipiga magoti ni kama naongea na ukuta. Kwaya naimba tu mdomo. Nimechoka kuigiza. Nimeamua Jumapili hii namkabidhi mwenyekiti daftari la kwaya, niwaache wenye imani waendelee."

Yeye ni katibu wa kwaya. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo zilikuwa zimebaki siku mbili tu katikati.

Kwa kweli sikulala vizuri. Siyo kwa sababu sikujua la kumjibu, bali kwa sababu mimi mwenyewe daftari langu nilishalirudisha zamani, na ninajua lilinigharimu nini.

Ilikuwa hivi. Mwaka huo tulikwenda kwenye kongamano la vijana Mwanza. Siku 4 za mafundisho, nyimbo, maungamo na mkesha. Wakati wa kurudi, basi lilipokata kona Lamadi kuingia barabara ya Bariadi, bado tulikuwa tunaimba, hadi kondakta akaanza kuitikia. Nilishuka Bariadi nikiwa na mipango: Rozari nzima kila siku, Misa ya asubuhi kila siku, kufunga Jumatano na Ijumaa, kusoma Biblia yote kwa mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza niliweza. Ukaja msimu wa pamba. Nilikuwa nafanya kazi ghalani, kupima na kuandika kilo, unarudi usiku vumbi mpaka kwenye kope. Rozari ikawa mafungu mawili, ikawa fungu moja, ikawa ishara ya msalaba na usingizi. Kilichoniuma zaidi hata siyo kupunguza sala. Ni kwamba hata nilipojitahidi kusali, ule moto haukuwepo tena.

Nikatafsiri mwenyewe: Mungu ameondoka, au lile la Mwanza lilikuwa ni msisimko wa nyimbo tu. Mwezi wa nane nikaacha ukatibu wa vijana kigangoni. Nikatoka kwenye grupu la WhatsApp nikiandika kwamba "nimeona siyo wito wangu". Nilikaa karibu miaka 2 bila kuungama. Hakuna aliyenifukuza. Niliamua mwenyewe, tena niliamua wakati mbaya kuliko wakati wote.

Aliyenifungua macho ni bibi yangu, wala hakuwa anahubiri.

BIBI NA NGITILI YAKE

Bibi anaishi Itilima. Nilikwenda kumsalimia mwezi wa tisa, na ninyi mnaojua Usukumani mwezi wa tisa mnajua kulivyo. Ardhi imepasuka, majani hakuna, ng'ombe mbavu zinahesabika. Asubuhi bibi akaniambia nimsaidie kupeleka ndama. Tukazunguka nyuma ya boma, tukafika kwenye eneo lililozungushiwa miiba. Ndani nyasi zilikuwa ndefu, zimekauka rangi ya dhahabu lakini nyingi, na miti yake imesimama. Ni ngitili.

Kwa msomaji wa mbali, ngitili ni utaratibu wa Wasukuma wa tangu zamani. Mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, familia inatenga kipande cha ardhi na kusema: hapa mifugo haiingii. Kipindi chote cha mvua nyasi zinaota na kurefuka bila kuguswa. Kiangazi kinapobana, ndipo ngitili inafunguliwa, na mara nyingi wanaoanza ni ndama, maksai wa kulimia na wanyama waliodhoofika.

Nikamwambia bibi, una bahati, wenzako hawana majani. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nyasi hizi sikuziotesha leo." Tukakaa kivulini. Akaniuliza habari za kanisani, nikamwambia ukweli kwamba nimeacha. Akanyamaza, akawa anaangalia ndama. Baadaye akasema, "Mtu akiuza ng'ombe wote kwa sababu ya kiangazi, mvua ikinyesha atachunga nini?"

Hakuongeza neno lingine. Ila kwenye maneno yake hayo mawili ndimo lilimo somo letu la leo: wakati wa mvua weka ngitili, na wakati wa kiangazi usiuze ng'ombe. Tulichambue taratibu.

1. KIANGAZI CHA ROHO SIYO AJABU, NA SIYO LAZIMA KIWE DHAMBI

Tuanze na nabii Eliya. Katika 1 Wafalme 18 yuko juu ya Mlima Karmeli. Moto unashuka kutoka mbinguni, watu wanaanguka kifudifudi, na mvua iliyokuwa imekataa kwa muda mrefu inanyesha. Nani kama yeye? Fungua sura inayofuata tu, ya 19. Malkia Yezebeli anatuma ujumbe wa vitisho, na mtu yule yule wa moto anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Kutoka kilele cha maisha yake mpaka kuomba kufa ni sura moja!

Angalia Mungu alivyomtendea. Hakumgombeza. Alimtuma malaika ampe mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Na pale Horebu upepo mkali ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo humo. Alikuja katika sauti ndogo, tulivu. Yaani Eliya aliyemjua Mungu wa moto pale Karmeli alitakiwa ajifunze kumtambua Mungu yule yule pasipo moto.

Mitume nao ni hivyo hivyo. Katika Marko 9, Petro anaona utukufu wa Yesu mlimani, anataka kujenga vibanda wabaki huko huko. Ni kama sisi tunaotaka kongamano lisiishe. Lakini Yesu aliwashusha, na chini mlimani wakakuta mtoto anayeteseka, baba aliyekata tamaa na wanafunzi wenzao walioshindwa kumsaidia. Kilele kilitolewa ili kiwape nguvu ya kazi ya bondeni.

Kanisa nalo linatufundisha hivyo kwa kalenda yake. Ukiondoa Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, kinachobaki ni Kipindi cha Kawaida, majuma 33 au 34. Yaani sehemu kubwa ya mwaka wetu wa Kikristo haina shamrashamra. Na umewahi kuona hili? Huku kwetu mwezi wa saba na wa nane, nje kila kitu ni kahawia na vumbi, lakini padre anatoka sakristia amevaa kijani. Kijani ni rangi ya tumaini na ya uhai unaoendelea. Mimi siku hizi nikiiona najikumbusha kwamba Kanisa halingoji mvua ndipo liamini.

2. JE, UKAVU WANGU UMETOKA WAPI?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 aliumizwa mguu vibaya vitani huko Pamplona, Hispania, na akiwa kitandani akaanza kuchunguza yanayopita moyoni mwake. Baadaye, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, aliandika kanuni za kutambua vipindi viwili: kipindi cha faraja, ambapo moyo unavutwa kwa Mungu kwa furaha, na kipindi cha ukiwa, ambapo moyo ni mzito, mvivu na unajiona umeachwa. Anasema ukiwa unaweza kuwa na sababu tatu. Nitaziweka kwa lugha yetu.

Ya kwanza, uzembe wetu wenyewe. Umeacha sala, umeacha maungamo, unaishi na dhambi uliyoizoea, usiku mzima uko kwenye bando la intaneti unaangalia usiyopaswa kuangalia. Hapo usimlaumu Mungu, ndugu yangu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2731 inauongelea ukavu wa sala, na inasema kama umetokana na kukosa mizizi, kama ile mbegu iliyoangukia penye mwamba, basi kinachotakiwa ni kuongoka. Dawa yake ni kitubio.

Ya pili, Mungu anatupima na kutukuza. Unampenda yeye, au unapenda zawadi zake? Mtoto anayemkimbilia mama kwa sababu ya pipi tu, siku pipi hakuna utaujua upendo wake.

Ya tatu, ili tujue kwamba faraja siyo mali yetu. Wakati mwingine kijana akiwaka wiki tatu anaanza kuwaona wenzake wote wa baridi, hata paroko. Ukavu unatushusha. Tunagundua kwamba ule moto hatukuuwasha sisi.

Mimi hapa ninaongeza jambo moja ambalo tunalisahau sana: mwili. Eliya alikula na kulala kabla hajasikia sauti. Kama unalala saa nne kwa usiku, unashinda juani, umetoka kufiwa, umeachwa na mchumba au umekosa ada, uzito wako siyo lazima uwe wa kiroho peke yake. Na kama huzuni imekaa wiki nyingi, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, tafadhali usiishie kuombewa tu. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, nenda hospitali, na padre mwambie pia. Mungu yule yule aliyemtuma malaika na mkate anamtuma na daktari.

3. WAKATI WA MVUA: WEKA NGITILI

Sasa tuje kwenye lile neno la kwanza la bibi: nyasi hizi sikuziotesha leo.

Kosa langu kubwa halikuanza mwezi wa nane. Lilianza siku ile ile niliposhuka kwenye basi. Nilipokuwa na moto niliutumia wote kwa kujisikia vizuri na kupanga makubwa, sikuweka akiba yoyote. Inyasi anasema aliye katika faraja afikirie jinsi atakavyojiendesha katika ukiwa utakaokuja, ajikusanyie nguvu kwa ajili ya wakati huo. Hiyo ndiyo ngitili! Kwa hiyo, wewe ambaye sasa hivi unasoma hapa moyo unawaka, hongera sana, mshukuru Mungu, na fanya haya:

Andika. Chukua daftari, siyo simu inayoweza kupotea. Andika tarehe na jambo Mungu alilokutendea. Uliungama nini ukawa huru? Neno gani lilikugusa? Siku ya ukavu shetani atakwambia hayakutokea. Utafungua daftari na kusoma mwandiko wako mwenyewe.

Weka kipimo kidogo utakachokiweza hata siku mbaya. Mimi nilianza na mambo mengi, yakaanguka yote. Sasa kipimo changu ni dakika 10 asubuhi na Injili ya siku, fungu moja la Rozari, Misa ya Jumapili, na kuungama kila mwezi. Siku nikiwa na nguvu naongeza, nikichoka sishuki chini ya hapo. Ndama hawahitaji shamba zima, wanahitaji lile eneo dogo liwe salama.

Tafuta walinzi. Ngitili haijilindi yenyewe. Kwa utaratibu wa Wasukuma, mkutano wa wanakijiji, yaani dagashida, ndio unaoweka sheria, na sungusungu ndio wanaohakikisha hakuna anayechungia humo. Kijana anayesema "mimi na Yesu wangu tu inatosha" ana ngitili isiyo na mlinzi. Wakati una moto, jiunge na Jumuiya yako ndogo ndogo, tafuta padre au sista wa kukuongoza, tafuta rafiki mmoja na umwambie: "Ukiona nimepotea Misa mbili, njoo nyumbani." Ruhusa hiyo mpe sasa hivi, maana wakati wa kiangazi hutataka kuitoa.

4. WAKATI WA KIANGAZI: USIUZE NG'OMBE

Hapa ndipo penye uzito wa somo la leo, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Kanuni ya 5 ya Mtakatifu Inyasi inasema hivi kwa kifupi: wakati wa ukiwa usifanye badiliko lolote. Simama imara katika maamuzi uliyoyafanya kabla ya ukiwa kuja. Kwa nini? Kwa sababu katika faraja roho mwema ndiye anayetuongoza zaidi, na katika ukiwa ni roho mwovu ndiye anayetushauri zaidi. Sasa mtu anakushauri ukiwa gizani, naye anataka upotee, utamsikiliza?

Angalia maamuzi mengi ya vijana ya kuacha yanafanyika lini. Kuacha seminari au unovisi, kuacha kwaya, kuvunja ahadi ya usafi wa moyo, kuhama Kanisa. Mara nyingi ni usiku, ni kiangazi, ni baada ya kugombana na mtu. Sisemi kwamba huwezi kamwe kubadili jambo. Mtu anaweza kuacha uongozi kwa sababu nzuri kabisa. Ninachosema ni kwamba usiamue ukiwa mkavu. Ngoja mvua inyeshe kwanza, ukae na padre, uamue ukiwa unaona.

Halafu kungoja siyo kulala. Huku kwetu mito mingi kiangazi inakauka juu, unavuka kwa mguu mkavu. Mgeni atasema mto umekufa. Lakini nenda asubuhi utaona akina mama na watoto na ndoo zao, wamepiga magoti mtoni wanachimba mchanga. Wanachimba kidogo kidogo, maji yanaanza kujikusanya, wanachota kwa bakuli. Yanakuja polepole na yanahitaji subira, lakini ni maji ya mto ule ule uliofurika mwezi wa tatu.

Sala ya ukavu ni kuchimba mchanga. Inyasi anashauri kwamba wakati wa ukiwa, mtu abaki katika sala muda kidogo zaidi ya ule aliopanga. Kama uliahidi dakika 10, kaa 11. Ile dakika moja ni ya kumwambia mwovu kwamba haongozi yeye hapa. Na Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, anafananisha sala na kumwagilia bustani kwa njia nne: kuchota kisimani kwa ndoo, kutumia gurudumu la maji, kupitisha maji ya mto, na mvua ya Mungu mwenyewe. Ile ya ndoo ndiyo inayochosha, tena anakiri kuna siku ndoo inashuka kisimani na kurudi bila maji. Anafundisha tuendelee kushusha ndoo, maana bustani ni ya Bwana na anaona taabu ya mtunza bustani. Teresa huyu huyu anakiri kwamba kwa miaka kadhaa alipokuwa akisali alikuwa anatamani saa ya sala iishe. Na Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970! Kwa hiyo wewe unayeangalia saa ukiwa umepiga magoti, hujapotea. Baki hapo hapo.

Jambo jingine: usifiche. Inyasi anasema adui anapenda mambo yake yabaki siri, na yakishawekwa wazi kwa mtu wa kiroho anashindwa. Yule dada aliponiandikia usiku ule, kwa kweli alikuwa ameshaanza kushinda. Wengi tunatoka kwenye grupu kimya kimya.

5. "LAKINI NIKISALI BILA KUHISI, SI UNAFIKI?"

Swali hili linaulizwa sana, na yule dada ndilo alilouliza aliposema amechoka kuigiza. Jibu ni hapana. Unafiki ni kujionyesha kwa watu kuwa na kitu ambacho moyoni hukitaki. Wewe unakitaka, ila hukihisi. Mama anayeamka saa nane usiku kumnyonyesha mtoto huku macho yanauma, hahisi raha yoyote, lakini nani atasema anaigiza upendo? Pengine saa hiyo ndiyo anapenda kuliko mchana akiwa anacheka naye.

Mfano mkubwa wa nyakati zetu ni Mtakatifu Mama Teresa wa Calcutta. Dunia ilimjua kwa tabasamu lake. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, barua zake kwa waungamishi na viongozi wake wa kiroho zilichapishwa kitabu, na watu wengi walishtuka. Tangu karibu na mwanzo wa kazi yake kwa maskini, alikuwa ameishi katika giza la ndani kwa miaka mingi sana, takriban nusu karne, akimtamani Mungu asiyemhisi, akipumzika kidogo tu katikati. Na miaka yote hiyo aliamka, akasali, akapokea Ekaristi, akawaosha watu waliokuwa wanakufa. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016. Hakuna aliyemwita mnafiki. Alimpenda Mungu kwa utashi wake pale hisia ziliponyamaza.

6. NA KAMA NGITILI YANGU NILISHAIFYEKA?

Najua kuna anayesoma hapa akisema, kaka, umechelewa, mimi nilishauza ng'ombe wote. Nilishaacha miaka mingi.

Nikwambie habari ya ardhi yetu wenyewe. Nchi hii ya Usukumani ilishafyekwa. Miti ilikatwa kuondoa mbung'o, ikakatwa kupanua mashamba ya pamba, ikakatwa kwa kuni. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Ilifika mahali watu wakauita Mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania, na wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani yake, maana Mkoa wa Simiyu umeanzishwa mwaka 2012. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukawarudisha watu kwenye ngitili zao. Kufikia mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerudi au kuanzishwa.

Na sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa. Ilichipua kutoka kwenye visiki. Juu palionekana pamekufa, kumbe chini mizizi ilikuwa hai miaka yote. Kilichotakiwa ni kuacha kukata, kulinda, na kungoja mvua.

Kijana mwenzangu, ulibatizwa. Ulipakwa Krisma siku ya Kipaimara. Alama hiyo haifutiki, hata ukae miaka 20 bila kuingia kanisani. Una kisiki hai. Mimi nilirudi kuungama baada ya karibu miaka 2, nikiwa nimejiandaa kusemwa. Padre alinisikiliza, akaniondolea dhambi, akanipa Salamu Maria 3. Nilitoka nje sikuhisi moto wowote. Nilihisi njaa tu, nikaenda kunywa chai. Lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa nyumbani.

YULE DADA

Usiku ule nilimjibu kwa kifupi: "Mdogo wangu, usilikabidhi daftari Jumapili hii. Lishike mpaka Pentekoste ijayo. Kesho nenda kamwone padre umwambie kama ulivyoniambia mimi. Ukiimba mdomo tu, imba. Mdomo nao ni wa Mungu."

Wiki tatu baadaye alinitumia ujumbe: "Kaka, bado pakavu. Ila daftari ninalo." Nilifurahi kuliko angeniambia amelia tena kwenye kuabudu.

MASWALI YA KUTAFAKARI (peke yako au na vijana wenzako kigangoni)

1. Sasa hivi mimi niko masika au kiangazi? Nikiwa kiangazi, sababu yake naiona ni ipi kati ya zile tulizozitaja?
2. Kipimo changu kidogo ambacho sitashuka chini yake ni kipi? Kiandike leo.
3. Kuna uamuzi wowote ninaotaka kuufanya kwa sababu ya ukavu? Nani nitamweleza kabla sijauamua?
4. Ni mwenzetu gani ametoka kimya kimya? Nani atakwenda kwao wiki hii?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, wewe uliyeng'aa mlimani na ukatoka jasho la damu bustanini, unajua juu na unajua chini. Asante kwa siku ulizonipa machozi ya furaha. Nisaidie niziwekee akiba. Na siku ambazo sikuoni wala sikusikii, unishike nisiuze nilichopewa. Nipe nguvu ya kuchimba mchanga huu mpaka maji yaonekane, na kama leo hayataonekana, nipe neema ya kurudi kesho. Wakumbuke vijana wote wa Simiyu walioondoka kimya kimya. Visiki vyao uvichipushe. Mama Maria, uliyesimama chini ya msalaba bila kukimbia, utuombee. Amina.

Mungu akubariki sana. Kama kuna rafiki yako ambaye hajaonekana kanisani siku nyingi, leo mpigie simu, umsalimie tu kwanza.

Tumsifu Yesu Kristo.